Tableti ya bei nafuu ya kusomea nota kwenye misa na matamasha, naombeni uzoefu wenu

#1 Sauti ya Pili

Wakuu habari za jioni, na wanakwaya wenzangu Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya parokia huku Morogoro. Nota zetu zote ziko kwenye karatasi, makabrasha yamejaa mpaka hayafungi, Jumapili unaanza kupekua mwanzo, katikati, sadaka, komunyo, shukrani, na bado padre anaweza kuomba dakika za mwisho tuimbe ule mwingine. Feni zikiwashwa ndo kabisa, nabana karatasi kwa vibanio vya nguo lakini ukitaka kugeuza ukurasa unapambana na kibanio huku kwaya inaendelea kuimba.

Sasa nimeamua kununua tableti. Bajeti yangu ni laki tano, nikijibana sana laki sita. Sina habari na gemu wala muvi, ni nota tu, kwenye misa, harusi na tamasha la kwaya mara mojamoja. Ninachoomba kujua ni inchi ngapi zinatosha bila kukodoa macho, iPad au Android, mpya ya bei ndogo au used ya maana, na mnageuzaje ukurasa mikono yote miwili ikiwa kazini. Aliyetumia kweli ndo anisaidie, maana dukani nikiuliza naambiwa hii ina GB 128 na kamera kali.

#2 Besi wa Kigango

Milele amina. Naweka kambi hapa, hata sisi kwaya imechanga hela kwa ajili hiyohiyo.

#3 Gajeti Tu

Mkuu chukua iPad yoyote used, hata zile za zamani, bei chee na kioo chake kizuri. Ukipata yenye GB kubwa ongeza hela kidogo maana nota zikiwa nyingi zinajaza.

#4 Mzee wa Kinanda

Gajeti Tu nakuheshimu lakini hapo kwenye "yoyote" ndo watu wanapotezea hela, ngoja nieleze kwa urefu kidogo.

Kwanza GB. PDF ya wimbo wa kurasa mbili iliyotoka kwenye programu za kuandikia nota kama MuseScore, Finale au Sibelius mara nyingi haifiki hata MB moja. Ulizoskani kutoka kwenye karatasi ndo zinakula MB kadhaa kila moja. Hata ukishusha nyimbo mia tano kutoka tovuti ya Swahili Music Notes hujaigusa GB 32. Prosesa nayo vivyo hivyo, kufungua PDF si kazi ngumu, RAM ya GB 3 au 4 inatosha. Kamera huihitaji kabisa. Kwa hiyo laki tano yako yote iende kwenye kitu kimoja tu, KIOO. Ukubwa wake na umbo lake.

Sasa umbo. Nota zetu karibu zote zimepangwa kwa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Ukipima kona kwa kona kama wanavyopima vioo, A4 ni inchi 14 na kidogo. Tableti za kawaida ni inchi 10 au 11, ina maana lazima ukurasa usinyae, swali ni usinyae kiasi gani. Mimi nilikaa nikapiga hesabu za kila umbo maana majina ya inchi yanadanganya.

iPad ya inchi 10.2 (zile za 2019, 2020 na 2021) kioo chake ni kama milimita 207 kwa 155. A4 nzima ikiingia humo inabaki asilimia 70 ya saizi yake. Samsung Tab A8 ya inchi 10.5 ni ndefu na nyembamba, kama 226 kwa 141, A4 inabaki asilimia 67. Samsung Tab A9+ ya 2023 au Redmi Pad SE, zote inchi 11, upana unafika kama 148, unapata asilimia 70. Umeona? Watu wanabishana iPad na Android lakini kwenye saizi ya nota iPad ya 10.2 na Android ya inchi 11 zinalingana.

Sasa jambo ambalo wengi hawafanyi. Ukurasa wa A4 una pembe nyeupe pande zote, kama sentimita moja na nusu kila upande, ile nyeupe huisomi. Programu za nota zinaweza kukata hizo pembe ukabaki na nota tupu. Ukishakata, Tab A9+ inapanda mpaka kama asilimia 82 ya saizi ya karatasi, iPad ya 10.2 na Tab A8 zinacheza kwenye 78. Hiyo tofauti ya kutoka 67 au 70 kwenda 80 ni kubwa sana kwa macho na haikugharimu hata shilingi.

Na kabla hujatoa hela fanya hivi. Chukua wimbo wenu mmoja wenye sauti nne na maneno mengi, nenda steshenari yenye mashine ya fotokopi, mwambie akutolee nakala ya asilimia 70 na nyingine ya asilimia 80. Weka zote mbili kwenye kinanda chako, kaa unavyokaaga, washa taa za kanisani sio za nyumbani, upige wimbo mzima. Ile ya 80 ukiisoma vizuri basi inchi 11 inakutosha. Ukikodoa hata kwenye 80, usinunue inchi 11 hata kama ni bei ya kutupa, jikusanye ununue kubwa. Hilo jaribio ni shilingi mia kadhaa tu na litakupa jibu ambalo sisi hapa hatuwezi kukupa, macho ni yako.

#5 Sauti ya Pili

Mwalimu asante sana, hii ya fotokopi sijawahi kuisikia popote. Kesho naenda. Je nikikwama kwenye 80, hizo kubwa ni zipi kwa hela ya kawaida?

#6 Mzee wa Kinanda

Kubwa kwa hela ya kawaida lazima uingie kwenye used, mpya hutaziweza kwa laki sita. Mimi ningeangalia tatu.

iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2015. Hii ni ya zamani lakini kioo chake ni kama 262 kwa 197, A4 nzima inakaa kwa asilimia 88, ukikata pembe ni kama unasoma karatasi yenyewe. Nyuma imeandikwa A1584 kama ni ya waifai tu, au A1652 kama inaingia laini. Mfumo wake umeishia iPadOS 16, kwa nota bado inapiga kazi. Ubaya ni betri imezeeka na ni nzito, gramu 700 na ushee, ile sehemu ya plastiki ya kuwekea nota kwenye kinanda cha bei rahisi inaweza kulalamika.

Ya pili Android kubwa, Lenovo Tab P12 ya inchi 12.7 au Samsung Tab S7 FE ya inchi 12.4, zinakupa asilimia 80 ya A4 nzima, na zaidi ya 90 ukikata pembe. Ukiibahatisha iliyotumika vizuri ni nyepesi kuliko hiyo iPad na bado ni za miaka ya karibuni.

Ya tatu watu hawaifikirii kabisa kwa sababu inauzwa kwenye maduka ya laptop. Microsoft Surface Pro, ya nne au ya tano, inchi 12.3. Kioo chake kina umbo la tatu kwa mbili, na hilo ndo umbo lililo karibu kuliko yote na A4 iliyokatwa pembe. Ukikata pembe unapata asilimia 96, yaani karatasi. Unachomoa kibodi yake unaiweka kwenye stendi inakuwa tableti. Na kwa vile ni Windows kamili, MuseScore yenyewe inafunguka humohumo, mtunzi akikosea bemoli unarekebisha hapohapo kabla ya mazoezi. Windows 10 imeacha kupewa masasisho ya kawaida tangu Oktoba 2025 na hizo mbili hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, kwa hiyo mambo ya benki usifanyie humo, ila kwa nota bila intaneti haina tatizo lolote. Ukiinunua iache imewaka nusu saa dukani, ipate joto, uangalie kioo hakitikisiki wala hakina vivuli.

#7 Fundi wa Kariakoo

Nimepita nikaona nichangie upande wangu, mimi niko kwenye biashara hii Kariakoo, simu na tableti. Mzee kaongea vizuri kuhusu vioo, mimi niongelee mitego ya used maana wanakwaya wengi wanakuja na hela ya kuchangishana na wakipigwa inauma sana.

iPad za zamani kabisa. Zipo nyingi mtaani, iPad 2, 3, 4 na Air ya kwanza. iPad 2 na 3 zimegandia iOS 9, ya 4 imegandia 10, Air ya kwanza ya 2013 imeishia 12. Kioo unakiona kizuri unafurahi, ukifika nyumbani programu ya nota haikubali kushuka. Hata upewe kwa elfu themanini, hujapata kitu cha kufanyia kazi. Kama ni iPad anzia ya 2018, ile ya inchi 9.7, lakini kwa nota bora hizo 10.2.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afute kila kitu mbele yako na aiwashe upya kama imetoka kiwandani. Ikidai akaunti ya Apple au ya Google ya mtu usiyemjua, rudisha. Ikiandika kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani, rudisha pia, hizo zinatoka nje kwa wingi na leo itafanya kazi kesho itafungwa na wenyewe. Usikubali "hii nitakutolea baadaye".

Kama inaingia laini bonyeza *#06# upate IMEI (kwa iPad iangalie kwenye settings), ukishaipata unaituma kwenda 15090 kuhakiki, majina ya kifaa yanayorudi yafanane na ulichoshika. Ya waifai tupu haina IMEI kwa hiyo usishangae.

Halafu zile tableti mpya za bei ya chini sana, kava la rangi, kalamu, kibodi na earphone ndani ya boksi moja. Nyingi zimeandikwa RAM 8 au 12 na ndani si kweli, kioo ni pikseli 1280 kwa 800 au chini ya hapo. Vichwa vya nota vinaonekana lakini alama ya diezi na bekari ukiwa mbali kidogo huzitofautishi. Kwenye kioo cha inchi 10 au 11 tafuta angalau 1920 kwa 1200, imeandikwa kwenye settings au tafuta modeli mtandaoni ukiwa hapohapo dukani.

#8 mwl_wa_jiografia

Samahani kuingilia, mimi ni mwalimu wa sekondari na pia napigia kwaya kinanda. Kuna kile kishikwambi tulichopewa walimu baada ya sensa ya 2022, kinafaa kwa hii kazi? Na kuna mtu ananiuzia cha kwake.

#9 Fundi wa Kariakoo

Mwalimu vile ni mali ya serikali, vilitolewa kwa ajili ya kufundishia. Cha mtu usinunue kabisa, na sisi mafundi wenye akili tukiletewa hatugusi. Chako wewe kitumie kwa kazi uliyopewa.

#10 Fidla Unguja

Assalaam alaykum jamani, na mie niseme la huku kwetu. Mie napiga fidla kwenye taarab, na sie tuliosoma nota pale DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, tumezoea karatasi, nyimbo ndefu, utangulizi wa ala peke yake unaweza kuchukua kurasa mbili tatu kabla muimbaji hajafungua mdomo. Fidla huiachi mkono hata kidogo, kwa hiyo suala la kugeuza ukurasa kwangu ndio suala lenyewe.

Nnachotumia ni pedali ya Bluetooth ya mguu. Kifaa kinaiona kama kibodi tu, ukikanyaga kulia ni kama umebonyeza mshale wa mbele, kushoto wa nyuma. Kwa hiyo inakubali Android, iPad na hata hiyo Surface, huna haja ya pedali ya aina fulani na tableti ya aina fulani. Zipo za majina makubwa kama AirTurn na PageFlip na zipo za bei ndogo, hizo ndogo nazo zafanya kazi, muhimu uangalie inakula betri za kawaida au inachajiwa, na isiwe na mlio wa "tak" kila ukikanyaga maana kwenye ala laini unasikika mpaka viti vya mbele.

La pili, programu nyingi za nota zina kugeuza nusu ukurasa. Ukikanyaga mara ya kwanza, juu inakuja nusu ya ukurasa unaofuata na chini inabaki nusu unayoendelea kuisoma. Macho yako hayakatiki. Mtu akishaizoea hii harudi tena nyuma, na kwenye kioo kidogo ndiko inakosaidia zaidi.

Na kwa maonesho ya nje usiku, punguza mwanga wa kioo, ukiuacha juu wadudu wote wa Forodhani watakuja kwako, na macho yanachoka. Mie naweka ukurasa rangi ya manjano hafifu badala ya nyeupe kali. Wa mchana wa jua ni mtihani mwengine, vioo hivi vya bei nafuu juani ni kama kioo cha kujitazamia. Gundisha protekta isiyong'aa, na ujipange ukae kivulini.

#11 Sauti ya Pili

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Unguja, ahsante sana, hiyo ya nusu ukurasa imenifungua macho. Ila swali langu ni hili, mguu wangu wa kulia uko kwenye pedali ya kurefusha sauti ya kinanda, hapo inakuwaje?

Na kuna tatizo letu sisi wa nyimbo za Kikatoliki, kiitikio kipo ukurasa wa kwanza, mashairi yako ukurasa wa pili, kila shairi likiisha unarudi kiitikio, tena shairi, tena kiitikio. Yaani ni kwenda na kurudi wimbo mzima. Karatasi angalau nazitandaza zote mbili.

#12 Mzee wa Kinanda

Swali zuri sana hili na ndo linalotutofautisha na wanaoandika ushauri wa orkesta za Ulaya. Wao wanakwenda mbele tu, sisi tunazunguka.

Mguu wa kushoto uko huru, pedali ya kurasa iweke kushoto. Kama kanisa lenu lina kinanda kikubwa chenye pedali za miguu yote miwili basi ya kurasa sahau, utagusa kioo kwa kidole.

Kwenye kuzunguka kuna njia mbili. Kwa Android na Windows kuna programu ya nota ya MobileSheets, unailipia mara moja na siyo kila mwezi. Ukifungua sehemu ya kuhariri wimbo kuna mahali pa mpangilio wa kurasa, unaandika 1,2,1,2,1,2 kulingana na idadi ya mashairi, basi wimbo wa kurasa mbili unakuwa kama kitabu kinachokwenda mbele tu. Unakanyaga mbele, mbele, mbele, kiitikio kinakuja chenyewe. Kwa iPad iko forScore, nayo inakuruhusu kupanga upya na kurudia kurasa. Zote mbili pia zina alama ya kugusa, unaweka kidoti mwisho wa shairi, ukikigusa kinakurusha mwanzo wa kiitikio. Mpangilio wa kurasa naupenda zaidi kwa misa, kidoti nakipenda kwa nyimbo ambazo huna uhakika padre atamaliza kupokea sadaka kwenye shairi la ngapi. Hapo usijifunge na idadi.

Kulipia usiogope, ukiwa na kadi ya mtandaoni ya kutengeneza ndani ya M-Pesa unalipia Google Play bila shida. Mwenye hela imekata kabisa anaweza kuanza na kisomeo cha PDF cha bure, weka ionyeshe ukurasa mmoja mmoja badala ya kuteremka, ila orodha ya nyimbo za siku na kukata pembe utavikosa na hivyo ndo utamu wenyewe. Jumamosi usiku unapanga orodha ya misa, mwanzo mpaka kutoka, Jumapili ukimaliza wimbo unakanyaga unaingia wa pili. Padre akibadili, unaandika herufi tatu za jina la wimbo, umeupata.

#13 Tena wa Nairobi

Wadau hamjambo, salamu kutoka Nairobi. Sisi huku kwaya nyingi tunasoma sol-fa, hata tukienda Kenya Music Festival wengi wanashika zile karatasi za d r m f. Nataka kuongeza kwamba kwa sol-fa hali ni tofauti kidogo. Sol-fa ni herufi, inakuja imebanwa, sauti nne juu ya nyingine na maneno chini, na nyingi zimenakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala, koma na nukta zimepotea. Hapo hata kioo cha inchi 13 hakikusaidii, tatizo ni karatasi yenyewe. Sisi tulikaa tukaanza kuzichapa upya wimbo mmoja mmoja, na ndio tukaona tofauti. Kwa hivyo kabla ya kulaumu tableti angalia chanzo.

Na tafadhali mtu akikutumia nota kwa WhatsApp mwambie atume kama dokumenti ya PDF, asipige picha. Ile picha WhatsApp inaifinyanga, ukiikuza inakuwa ukungu.

#14 Mzee wa Kinanda

Tena wa Nairobi umenigusa penyewe. Hili nilikuwa naliwekea akiba na sasa niliseme lote.

Sisi tuna bahati ambayo wapiga muziki wengi hawana. Watunzi wetu wako hai, wako kwenye simu zetu, na nota zao wamezichapa wenyewe kwenye kompyuta. Anayetegemea vitabu vilivyochapwa Ulaya zamani hana namna, atasoma A4 iliyosinyaa mpaka siku ya mwisho. Wewe unaweza kumwomba mtunzi wako faili lenyewe, au umwombe MusicXML, yaani faili la nota linalohamishika kati ya programu, ukaifungua kwenye MuseScore ambayo ni ya bure, ukaenda kwenye mpangilio wa ukurasa ukaacha kuandika A4 ukaandika saizi ya kioo chako. Kwa tableti ya inchi 11 andika upana 148 na urefu 237, pembe milimita 5 kila upande. Ukiacha vipimo vya kawaida vya MuseScore ile mistari mitano inakuwa na urefu wa milimita 7, na kwenye kioo itabaki milimita 7 kamili, wakati A4 iliyosinyazwa kwa asilimia 70 ingekupa milimita 5 kasoro. Kurasa zinaongezeka, wimbo wa mbili unakuwa wa tatu au nne, lakini una mpangilio wa kurasa na una pedali, tatizo liko wapi?

Ndo maana nasema mwenye tableti ya inchi 10 ya bei nafuu ambaye nota zake zimepangwa kwa kioo chake anasoma vizuri kuliko mwenye ya milioni mbili anayefungua skani ya karatasi iliyokunjwa. Watunzi mnaosoma hapa, Finale imetangazwa kusimama tangu Agosti 2024, mkiwa mnahamisha kazi zenu kwenda programu nyingine hebu tuwekeeni toleo mbili, ya karatasi na ya kioo. Ni nusu saa ya kazi kwa wimbo na mtakuwa mmewasaidia wapiga vinanda wengi sana. Na sisi tunaopewa faili tusiligawe hovyo wala kubadili sauti zake, tumepewa kwa kuaminiwa, na mtunzi ana haki yake.

#15 Besi wa Kigango

Mwalimu wewe ungekuwa karibu tungekuletea mbuzi. Swali dogo, joto na umeme? Kanisa letu ni la bati na tuko Kilwa.

#16 Fundi wa Kariakoo

Joto ni kweli. Apple wenyewe wanaandika iPad itumike kwenye joto la nyuzi 0 mpaka 35, ikipita hapo inapunguza mwanga yenyewe na mwisho inaweka onyo inagoma. Android nazo zinafifia. Usiiweke dirishani jua linapopiga, usiifunge kwenye kava nene la raba wakati wa kupiga, na usiichaji huku unapiga misa ya mchana. Chaji usiku, asubuhi ije imejaa, misa mbili haimalizi betri ikiwa nzima. Pawabanki iwepo kwenye begi kwa harusi.

Kabla ya misa weka hali ya ndegeni halafu uwashe Bluetooth peke yake kwa ajili ya pedali. Muda wa kioo kuzima uweke mrefu kabisa, funga na kuzunguka kwa kioo.

#17 Fidla Unguja

Na umeme ukikatika utashukuru, wenye karatasi wote wananyamaza na wewe unaendelea kusoma.

#18 Sauti ya Pili

Wakuu nimerudi. Nimetoa fotokopi kama mlivyoniambia nikaenda nazo kanisani jioni. Ile ya 70 sauti ya tatu na ya nne nazisoma kwa kuinama, maneno siyaoni kabisa. Ile ya 80 nimepiga wimbo mzima vizuri isipokuwa maneno ya mashairi, na hayo kwa kweli siyaimbi mimi. Kwa hiyo nimeamua inchi 11, Android, pikseli 1920 kwa 1200, iliyotumika vizuri, na hela itakayobaki inunue pedali na protekta isiyong'aa. Mtunzi wetu nimeshamwandikia nimemwomba faili za nyimbo zake, amekubali ila anasema nianze na chache.

Mwalimu, nianze na zipi kuzipanga upya?

#19 Mzee wa Kinanda

Anza na misa, yaani Bwana utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, hizo unazipiga kila wiki. Halafu za komunyo maana ndo ndefu na mashairi mengi. Za mwanzo na kutoka unazijua kwa kichwa, zibaki A4 ya kukata pembe. Karatasi zako usizitupe, kabrasha moja la nyimbo za msiba na za dharura liendelee kukaa kwenye kinanda, na PDF zote ziwe na nakala kwenye simu yako.

#20 Besi wa Kigango

Na sisi wa hela ya kwaya, tununue ngapi? Tupo arobaini.

#21 Mzee wa Kinanda

Mbili tu. Moja ya kinanda na moja ya mwalimu anayeongoza, zote Android na zote MobileSheets, kuna sehemu ya kuziunganisha mmoja akigeuza na mwenzake inageuka. Waimbaji waendelee na karatasi za maneno, mazoezi ya kutosha wanashika sauti. Hela inayobaki nunueni stendi mbili za chuma zenye mguu mpana, hizi nyembamba za kukunja mtoto akipita mbio tableti iko chini.